Chole Mjini, lodji isiyo na umeme vyumbani: mgeni analipia nini hasa?

Kila nikimtajia mtu wa Dar habari za Chole Mjini, lodji ya kwenye kisiwa kidogo cha Chole huko Mafia, swali linakuwa lilelile, yani ulipe hela ya hoteli ya maana alafu ukalale juu ya mti, taa hakuna, feni hakuna, dirisha halina hata kioo, kwani Kunduchi pamejaa? Mi silichukulii swali hili kama dharau, ni swali la haki kabisa, na nimeona nilijibu kwa urefu kwa sababu majibu mengi ninayosikia ni ya "utulivu" na "mazingira ya asili" na hayo hayamsaidii mtu anayehesabu hela yake ya likizo. Kwahiyo nachukua hoteli moja tu, kisiwa kimoja, naieleza kama nilivyoikuta, alafu tuone hela inaenda wapi na usumbufu unatoka wapi, maana kwa maoni yangu ukishajua chanzo cha ule usumbufu ndo unaelewa unachonunua.

Tuanze na mahali. Mafia iko kusini ya Dar, mbele ya mdomo wa mto Rufiji, kisiwa kikubwa chenye urefu wa kama kilomita 48, na kule pembe ya kusini mashariki kuna ghuba inaitwa ghuba ya Chole. Kwenye ghuba hiyo upande mmoja una Utende, ambayo bado ni kisiwa kikubwa, upande wa pili una Juani, kusini una Jibondo, na katikati hapo kuna kisiwa kidogo kabisa ndo Chole chenyewe. Unaweza kukizunguka kwa miguu asubuhi moja na ukapata muda wa kukaa ukanywa chai na watu. Chole Mjini ilianzishwa huko miaka ya 1990 na familia moja, mume na mke, Jean na Anne de Villiers, na mpaka leo ukubwa wake ni wa familia, vyumba havifiki kumi.

Sasa kufika. Kutoka Dar kuna ndege ndogo, kama nusu saa hivi uko angani, au unaenda kwa gari mpaka Nyamisati, Kibiti, unapanda chombo cha kwenda Kilindoni. Toka Kilindoni mpaka Utende ni lami, hapo hakuna tatizo. Tatizo, kama utaliita tatizo, linaanza ukishafika ufukweni Utende, unaiona Chole ileee, karibu tu, miti unaihesabu, na boti ipo, na nahodha yupo, lakini hamuondoki. Maji yamepwa.

Hapa ndo pa kukaa kidogo kwa sababu mtu wa bara hawezi kuelewa kisa hiki bila kuelewa maji. Pwani yetu maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Alafu kuna siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3, na kuna siku za maji mafu katikati yake ambapo bahari haisogei sana. Ghuba ya Chole ni pana lakini sehemu kubwa ni kina kifupi, kwahiyo siku za bamvua maji yakitoka yanatoka kweli, unabaki unatazama mchanga na majani ya bahari na akina mama wanaokota pweza mahali ambapo asubuhi mashua ilipita. Na kwa pwani yetu hii bamvua maji hupwa sana kuanzia kama saa nne, saa tano asubuhi, tena usiku saa hizohizo. Chukua hiyo uiweke pamoja na ndege inayotua kabla ya mchana, umeshaelewa kwa nini watu wengi wanafika Utende wakakuta boti imelala kwenye mchanga. Nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo mpole sana, tulimsalimia shikamoo akaitikia marahaba wanangu, kaeni kivulini maji yanarudi, akaendelea kukaza kamba zake. Hakuomba samahani na sioni kwa nini angeomba, hakuna mtu aliyechelewa pale.

Hoteli kubwa ingefanya nini? Ingejenga gati refu la zege, au ingechimba njia, au ingeweka lodji upande wa Utende ambako gari linafika mlangoni. Na wako waliofanya hivyo, Utende kuna hoteli nzuri za kila bei. Familia hii iliamua kwenda kukaa upande ambao maji ndo yanapanga ratiba, na ukishaamua hivyo mengine yote yanafuata: chakula kinakuja na maji, wafanyakazi wanaokaa nje ya kisiwa wanakuja na maji, safari ya kupiga mbizi inaondoka na maji, na mgeni naye anaondoka na maji hata kama ndege yake ni ya saa nane, kuna siku utatolewa kisiwani asubuhi mapema ukakae Utende masaa kadhaa. Ukiwa na watu wanaotaka kila kitu kwa saa ya mkononi utateseka, na wao watakutesa.

Hili lina matumizi yake pia, wengi wanalikosa kwa kutouliza. Ukitaka kuzamia kwenye lango la Kinasi, ambako maji ya bahari kuu yanaingia ghubani, chagua siku karibu na maji mafu, maana bamvua mkondo pale una nguvu sana na kuna muda mfupi tu wa kuingia. Ukitaka kutembea kwa miguu kuvuka kwenda Juani kwenda kuona magofu ya mji wa zamani wa Kua, chagua bamvua, maji yakipwa unavuka na mtu wa pale anayejua njia, viatu vya kuingia nazo majini muhimu. Kwahiyo kabla hujauliza bei, angalia mwezi uko wapi kwenye tarehe zako. Hii ningependa iwe sentensi ya kwanza kwenye kila maelezo ya kisiwa kile.

Chumba. Ni nyumba ya mbao na makuti iliyopandishwa juu kwenye miti mikubwa, imejengwa na mafundi wa hapohapo. Chole ni kisiwa cha mafundi wa mashua, ukitembea utakuta chombo kimesimamishwa chini ya miti, mbavu ziko wazi, mtu anapiga tezo taratibu, na ukirudi chumbani ukatazama jinsi boriti zilivyokamatana unauona mkono uleule. Kuta ni nusu, upepo unapita. Kitanda kikubwa, chandarua kizuri, taa za mafuta zinawashwa jioni. Choo ni cha shimo, kisafi, hakina harufu, na pa kuogea ni nje. Simu unachaji sehemu ya pamoja kwa umeme wa sola, chumbani hakuna soketi. Mlango wa kufunga kwa ufunguo kama wa Sinza hakuna, na hilo ndo linawashtua watu wetu kuliko giza.

Usiku wa kwanza ni mgumu, nisidanganye mtu. Mti unasogea kidogo upepo ukiwa na nguvu, makuti yanachakacha, kuna wadudu, kuna mjusi, kuna popo wanapita na kelele zao, na akili ya mtu aliyezoea feni na taa ya varanda inatafuta kitu cha kushika. Mwenzangu alikaa macho mpaka usiku wa manane. Usiku wa pili alilala kabla yangu. Lakini kuna watu ambao hiyo nafuu ya usiku wa pili haitawafikia na ni vizuri waambiwe mapema: mwenye mtoto anayeanza kutembea, ngazi zile sio za kuchezea, mzee mwenye magoti, mtu anayetegemea mashine ya umeme kulala au dawa inayotaka friji, na mtu anayekuja na kazi za ofisini. Kwa hao Utende ni bora mara kumi, na sio kwamba wameshindwa kitu, ni mahali tofauti.

Kuhusu popo niseme kidogo kwa sababu ni sehemu ya kisa. Wale sio popo wa kwenye dari, ni popo wakubwa wanaokula matunda, mabawa yakifunguka ni kama kunguru wawili, na jamii yao ni ya visiwani, wanapatikana Komoro na Mafia. Chole wana miti yao ya kulala, wananing'inia mchana kutwa kwenye miti mikubwa, jioni wanatoka kwa mamia na unawaona wakishuka kugusa maji kabla ya kwenda kutafuta maembe. Wanakijiji wamekubali miti ile isikatwe. Mwembe na mbuyu unaoachwa usimame una thamani ya mbao na kuni ambayo mtu ameacha kuichukua, na mgeni anayepiga picha jioni anapaswa kujua kwamba kuna mwenyeji amelipia ile picha.

Jina lenyewe, Chole Mjini, mtu anaweza kudhani ni utani maana mji hauonekani. Mji ulikuwepo. Kabla yake mji mkubwa wa eneo lile ulikuwa Kua, kule Juani, mpaka ukavamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 ukabaki gofu. Baada ya hapo Chole ikakua, wakakaa Waarabu wa Oman wenye mashamba ya minazi upande wa kisiwa kikubwa, na wafanyabiashara wa Kihindi, na watumwa waliolima mashamba hayo. Wajerumani walipochukua Mafia mwaka 1890 walianza kutawalia hapohapo Chole, na baadaye makao yakahamishiwa Kilindoni, na mji ukaanza kufa. Leo unapita kwenye njia ya kwenda chumbani kwako kuta za mawe zimekumbatiwa na mizizi ya miti, gereza la zamani, hekalu la Wahindi, mabaki ya nyumba za wakubwa. Lodji imekaa pembeni kabisa ya hayo. Na mimi nadhani mtu hawezi kulala pale bila kujiuliza safari hii nani ana sauti, maana kisiwa hiki kimeshawahi kuwa mahali ambapo wageni walikaa kwenye nyumba nzuri na wenyeji wakafanya kazi.

Hapo ndo tunafika kwenye kiini. Familia ile ilifika wakati Mafia iko kwenye vita ya baruti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wavuvi wa baruti, wengi kutoka nje ya kisiwa, walikuwa wanalipua matumbawe na wavuvi wa Chole, Juani na Jibondo walikuwa wanalia waondolewe. Ndo mazungumzo ya hifadhi yakaiva, sheria ya hifadhi za bahari ikapita 1994, na 1995 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, eneo la kilomita za mraba 822, lenye vijiji ndani yake. Wanakijiji waliiunga mkono kwa sababu ya baruti, baadaye wengine wakaanza kulalamika kwamba masharti yanawabana wao wenye nyavu na mitumbwi kuliko mtu mwingine yeyote, na malalamiko hayo hayajawahi kuisha moja kwa moja. Kwenye hali kama hiyo mtu akija anataka kiwanja cha hoteli, wenyeji wana haki ya kumtazama kwa jicho kali.

Makubaliano yaliyofanyika, kwa jinsi yanavyofanya kazi, ni rahisi kueleza. Kila mgeni kwa kila usiku anaolala kuna ada inayokwenda kijijini. Sio sadaka ya mwisho wa mwaka, sio kisanduku cha michango kwenye risepsheni ambacho mgeni akiwa na furaha ndo anatia kitu, ni ada ndani ya bei. Juu ya hiyo, tangu mwanzo biashara ilifungwa pamoja na kazi za kijiji, shule, zahanati, watoto wadogo, na wanaofanya kazi pale kwa sehemu kubwa ni watu wa kisiwani. Tofauti ya ada na msaada ni kubwa. Msaada unategemea moyo wa mtoaji, ada inaweza kuhesabiwa na mtu yeyote wa kijijini aliyesimama ufukweni akahesabu wageni wanaoshuka kwenye boti. Lodji yenye vyumba vichache kwenye kisiwa unachokizunguka asubuhi moja haiwezi kuficha idadi ya wageni wake, na ule udogo ambao mgeni anauona kama uzuri wa mahali, kwa mwanakijiji ndo njia yake ya kukagua hesabu.

Kwahiyo rudi kwenye swali la hela. Kwenye hoteli ya kawaida ya bei ileile hela yako inanunua jenereta, mafuta ya jenereta, bwawa la kuogelea, maji ya kujaza bwawa, viyoyozi na fundi wa viyoyozi. Kisiwa cha ukubwa wa Chole maji matamu ni ya visima, na ukianza kuyavuta kwa pampu kwa ajili ya bwawa na shawa za wageni hamsini unayavuta kutoka kwenye ndoo ya mtu. Kukosekana kwa vitu hivyo sio kwamba mwenye hoteli ameokota hela yako akaiweka mfukoni, gharama kubwa pale ni kuwa mbali: kila msumari, kila chupa ya soda, kila gunia la mchele linapakiwa na kupakuliwa mara kadhaa kabla halijafika mezani, na gharama hizo zinagawanywa kwa wageni wachache mno. Mi nilikula samaki na wali wa nazi uliopikwa vizuri na watu wa pale na sikuona kama nimeibiwa. Ningeona nimeibiwa kama ningekuta kiyoyozi.

Lakini sitaki kuuza kitu bila kasoro zake. Kasoro ya kwanza imo ndani ya ule ule uzuri wa ada: usiku bila mgeni ada ni sifuri. Aprili na Mei ni masika, hoteli nyingi za Mafia zinafunga, hiyo mtu anaizoea anaipangia. Ila ukija mwaka kama 2020, anga ya Tanzania ilifungwa kwa ndege za abiria kutoka nje mpaka tarehe 18 Mei, na hata ilipofunguliwa wageni wenyewe walikuwa hawasafiri, utaratibu wowote wa kulipa kwa kila usiku wa mgeni unakauka hapohapo, na mgonjwa haachi kuumwa kwa sababu mtalii hakuja. Maoni yangu ni kwamba ada kama hii inabidi sehemu yake iwekwe akiba kila msimu mzuri, na serikali isije ikaona kuna wageni Chole ikajisahau upande wa zahanati na walimu. Huduma hizo ni haki ya wananchi wa pale kabla ya kuwa zawadi ya mtalii.

Kasoro ya pili ni ya kila hoteli ya familia. Makubaliano na kijiji yamebebwa na watu wawili waliokaa miaka mingi, wanaojulikana kwa majina, wanaosalimiwa njiani, wanaoweza kuitwa kwenye kikao cha kijiji wakaulizwa. Siku wakichoka au wakiuza, mnunuzi atanunua nyumba za miti na boti na jina. Je atanunua na deni kwa kijiji? Hilo linatakiwa liwe kwenye karatasi, kwenye mkataba wa ardhi, lisibaki kwenye heshima ya mtu na mtu, na ningeshauri kijiji chochote cha visiwani kinachofuatwa leo na mtu mwenye wazo la lodji ndogo kianzie hapo, mtendaji na mwenyekiti na wazee wakae waulize: ukiondoka wewe, huyu anayekuja atakuwa amefungwa na nini?

Ya tatu inaniuma zaidi. Watanzania tunaokwenda kulala pale kama wageni ni wachache sana. Bei zinatajwa kwa dola, picha zinawekwa za kumvutia mtu wa Ulaya, na sisi wenyewe tumekubali kwamba Mafia ni ya wazungu wanaokuja kuogelea na papa potwe. Sisi tuliowahi kuwaona hao potwe ni wachache. Na hapa tahadhari kwa anayewataka potwe tu: msimu wao ni Oktoba mpaka Machi, na wako upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, sio ghuba ya Chole, kwahiyo ukikaa Chole itabidi uvuke boti na barabara yote kuwafuata, tena kwa ratiba ya maji ileile. Kama hamu yako ni hiyo moja, kaa Kilindoni.

Ukiamua kwenda, uliza bei ya mkaazi na ya raia kabla hujakata tamaa, mara nyingi ipo lakini haitangazwi. Ada ya hifadhi ya bahari unalipa ukiingia eneo la Utende hata kama hutagusa maji, ni kwa siku, raia analipa tofauti na mgeni wa nje, na hiyo hela haiendi kwa lodji kwahiyo usiwagombeze wao. Beba begi laini, ndege ndogo zina kikomo cha mzigo. Beba tochi ya kichwani, pauabenki iliyojaa, na hela taslimu. Vaa kwa heshima ukitembea kijijini, ni kijiji cha Waislamu na watu wanasalimiana, usipite kama unapita kituo cha daladala, simama, salimia wazee, waulize mafundi mashua wanayojenga ni ya nani na itashushwa lini. Ukibahatika ukawepo siku ya kuishusha majini, hiyo siku ahirisha kila ulichopanga, maana itashushwa maji yakijaa sana na kamba itahitaji mikono mingi.